Padre Horner na Mtihani wa Shule ya Bagamoyo

Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya shule za msingi yatangazwapo, mazungumzo ya namna moja husikika katika vijiji vyote vya nchi yetu. Wazazi hukaa chini ya mwembe, wakawahesabu watoto waliochaguliwa kuendelea na masomo, kisha wakawataja kwa sauti ya chini wale walioachwa. Kerege, kijiji kilicho kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, hakiwezi kuwa tofauti na vingine. Mzazi humlaumu mwalimu. Mwalimu humlaumu mzazi. Naye mtoto, ambaye huenda alitoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu kinywani, hukaa kimya kati yao.

Si nia yetu leo kuikata kesi hiyo. Twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu aliyefungua shule katika pwani hiyohiyo zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, akasifiwa na dunia kwa ajili ya shule hiyo, na hata hivyo akafa akijua kwamba katika jambo alilolitamani kuliko yote, shule yake ilikuwa imeshindwa. Mtu huyo ni Padre Antoine Horner, mwanzilishi wa misioni ya Bagamoyo. Wengi wamelisikia jina lake. Wachache wamefikiri juu ya mtihani wake.

Antoine Horner alizaliwa mwaka wa 1827 katika nchi ya Alsace, mashariki ya Ufaransa. Alijiunga na Shirika la Roho Mtakatifu, akapewa upadre, akatumwa katika kisiwa cha Réunion, katika Bahari ya Hindi. Huko alifanya kazi kati ya wagonjwa wa ukoma. Utumwa ulikuwa umefutwa katika kisiwa kile mwaka wa 1848, na watu wapatao elfu sitini, waliokuwa mali ya wenzao hadi jana, walijikuta huru bila shamba, bila ufundi na bila kisomo. Mapadre wa shirika lake walianzisha huko nyumba ya kuwafundishia vijana, ambamo kitabu na kazi ya mikono vilikwenda pamoja. Horner aliyaona hayo kwa macho yake. Funzo alilolipata ni kwamba kumfungua mtu mnyororo ni kazi ya siku moja, lakini kumwezesha kusimama mwenyewe ni kazi ya miaka mingi.

Mwezi wa Desemba mwaka wa 1860 Padre Fava alifika Unguja kutoka Réunion pamoja na mapadre wengine na masista wa Shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa Réunion mwaka wa 1849, mara baada ya kufutwa kwa utumwa, na baadhi ya masista wake walitoka katika jamaa za watu waliopata kuwa watumwa. Walifungua hospitali, karakana na shule. Mwaka wa 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwezi wa Juni mwaka huo Padre Horner alishuka Unguja, pamoja na Padre Étienne Baur na mabruda wawili. Alikuwa na umri wa karibu miaka thelathini na sita.

Unguja ya siku zile ilikuwa na soko la watumwa. Watu walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, waliuzwa hadharani, na watoto wadogo walikuwamo. Padre Horner alikwenda sokoni kwa fedha alizoletewa na Wakristo wa Ulaya, hasa sadaka za watoto wa Chama cha Utoto Mtakatifu, akawanunua watoto na kuwaleta misioni. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wake. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili mpaka mwisho wa habari hii. Wanafunzi wa Padre Horner hawakuletwa shuleni kwa mkono wa baba wala mama. Walikuwa wametekwa, wametembezwa safari ndefu, wamewaona ndugu zao wakifa njiani, na siku walipoingia shule hawakuwa na mtu hata mmoja aliyeijua lugha ya nyumbani kwao, isipokuwa kwa bahati.

Muda si muda Padre Horner aliona kwamba Unguja hapatoshi. Mji ulikuwa na watu wengi, ardhi ilikuwa haba, na chakula kilinunuliwa kwa bei kubwa. Mwaka wa 1866 alivuka bahari akaikagua pwani ya bara, na jicho lake likatua Bagamoyo, mahali ambapo misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikomea, na ambapo wapagazi kutoka Unyamwezi walipumzika kabla ya kurudi kwao. Mwezi wa Machi mwaka wa 1868, katika utawala wa Sultani Majid, misioni ilianza rasmi pale, kaskazini ya mji. Pori lilikatwa, minazi ikapandwa, mashamba yakalimwa, na watoto wakavushwa kutoka Unguja.

Ratiba ya shule ile ilikuwa na mambo mawili makubwa, kitabu na jembe. Watoto walisali, walisoma, waliimba, na kwa saa nyingi za mchana walifanya kazi. Wengine walikuwa shambani, wengine katika useremala, uhunzi na ujenzi. Wasichana walikuwa chini ya masista, wakijifunza kusoma, kushona na kutunza nyumba. Horner alijifunza Kiswahili na alitaka wenzake wajifunze pia, kwa maana aliona kwamba watoto waliotoka katika makabila mengi hawana lugha nyingine ya kuwaunganisha. Chakula chao kilitoka kwa sehemu kubwa katika shamba walilolilima wenyewe. Kila mtoto alikula, kila mtoto alikuwa na mahali pa kulala, na mgonjwa alitibiwa.

Majaribu hayakukawia. Mwaka wa 1869 na wa 1870 kipindupindu kiliipiga Unguja na pwani yote, na maelfu ya watu wakafa. Misioni nayo ilizika watu wake. Tena, tarehe 15 Aprili 1872, tufani kuu ilivuma, ikaangusha minazi na mikarafuu ya Unguja, ikaibomoa misioni ya Bagamoyo. Kazi ya miaka minne ililala chini kwa siku moja. Padre Horner hakufunga shule. Watoto waliwekwa katika vibanda vya makuti, masomo yakaendelea, na ujenzi ukaanza upya, safari hii kwa mawe. Jumba kubwa la mapadre lililoanza kujengwa baada ya tufani ile bado lasimama hata leo, na katika misioni hiyo mna makumbusho yanayotembelewa na watu wa kila dini.

Sifa za Bagamoyo zilienea. Stanley, mwandishi wa magazeti aliyepita hapo mwaka wa 1871 akienda kumtafuta Livingstone, aliandika kwamba misioni ilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia mbili. Mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyekuja kumshurutisha Sultani Barghash afunge soko la watumwa, aliitembelea shule akaisifu mno, akapendekeza iwe kielelezo kwa wote wanaotaka kuwasaidia watumwa waliokombolewa. Naye alikuwa Mwingereza wala si Mkatoliki. Mwezi wa Februari mwaka wa 1874 mwili wa Livingstone uliletwa Bagamoyo na akina Chuma na Susi, ukapokewa misioni kabla ya kuvushwa baharini. Machoni pa wageni, shule ya Padre Horner ilikuwa imefaulu mtihani.

Lakini Padre Horner alikuwa na mtihani wake mwenyewe, ambao wageni hawakuusahihisha. Tangu mwanzo alitaka kutoka kwa watoto wale wapatikane mapadre Waafrika. Aliwagawa wanafunzi kwa kadiri alivyowaona. Walio wengi walikuwa wa jembe, wengine wa ufundi, na wachache walioonekana wepesi wa akili walichaguliwa kwa masomo ya juu, wafundishwe Kilatini na mambo mengine yampasayo padre mtarajiwa. Juu ya hao wachache aliweka tumaini lake lote. Barua zilizokwenda Ulaya ziliwataja kwa furaha kuu, na wafadhili walingoja kuwaona wakipanda altareni.

Hawakupanda. Mmoja baada ya mwingine walirudi nyuma. Wengine waliugua na kufa, wengine walikata tamaa, wengine waliondolewa kwa kuwa walimu waliona hawafai. Mpaka Padre Horner anaondoka katika nchi hii, hakuna hata mmoja aliyefikia upadre, na seminari ile ndogo haikuzaa tunda lililotarajiwa. Kwa hesabu ya matokeo, kama tunavyohesabu sisi leo, darasa lile lilipata sifuri.

Yatupasa kuuliza sababu, na tuulize bila kuwaonea waliokufa. Ya kwanza, walimu wenyewe hawakudumu. Homa ya pwani iliwaua mapadre, mabruda na masista wengi wakiwa bado vijana, na waliobaki walihamishwa mara kwa mara kuziba nafasi. Mtoto aliyekwisha kumzoea mwalimu mmoja alimwona akizikwa, kisha akaanza upya na mwingine. Ya pili, ilikuwa haraka. Mtoto aliyetoka sokoni, ambaye moyo wake ulikuwa bado na jeraha la kutengwa na mama yake, alitakiwa katika miaka michache avuke njia ambayo watoto wa Ulaya huivuka wakiwa wamezungukwa na wazazi, parokia na kijiji kizima. Haraka haraka haina baraka. Ya tatu, na hii ndiyo nzito kuliko zote, watoto wale hawakuulizwa. Walinunuliwa kwa nia njema, wakapangiwa kazi kwa nia njema, wakaozwa na kuwekwa katika vijiji vya misioni kwa nia njema. Lakini mtu aliyewahi kupangwa na bwana sokoni hutambua upesi anapopangwa tena, hata na mtu mpole. Ndiyo maana, pamoja na chakula na nyumba nzuri, walikuwako waliotoroka misioni, na katika vijiji vile yalikuwako manung'uniko juu ya wingi wa kazi.

Ipo na sababu ya nne, inayowahusu majirani. Kuzunguka misioni waliishi Waswahili wa mji, Wazaramo, Wakwere na Wadoe. Watu hao walikuwa na malezi yao. Wengi walikuwa na vyuo vya Kurani, na wengine walikuwa na jando na unyago, ambamo wazee waliwafundisha vijana adabu na wajibu. Walimwona Padre Horner kuwa jirani mwema, waliuziana naye mazao, waliletea misioni wagonjwa wao. Lakini watoto wao, kwa sehemu kubwa, hawakuwaleta shuleni. Kwao shule ile ilikuwa ya watumwa na ya dini nyingine, wala hapakuwa na mzee wa kijiji aliyekaa na mapadre kushauriana nini kifundishwe. Hivyo shule iliyosifiwa London na Paris ilibaki kama kisiwa ndani ya Bagamoyo yenyewe. Kazi ya kuwafungulia watoto wa jumuiya zote mlango wa kisomo ilingoja watu wengine. Mmoja wao alikuwa Sewa Haji, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo, ambaye katika miaka ya 1890 alitoa jumba lake liwe shule isiyobagua mtoto wa rangi yoyote.

Padre Horner hakuwa mtu wa kukaa na majonzi. Alikuwa amesafiri bara mwaka wa 1870 hadi Ukami, akaona kwamba milimani hewa ni nzuri na watu ni wengi. Mwaka wa 1877 misioni ya Mhonda ilifunguliwa katika milima ya Nguru. Je, nani walikwenda kuianzisha? Pamoja na mapadre walikwenda jamaa za Kikristo kutoka Bagamoyo, vijana waliooana, waliokuwa wamekulia katika shule ile. Hawa hawakuwa wale wachache wa Kilatini. Walikuwa watoto wa jembe na randa, walioachwa siku ya kuchagua. Wao walikata miti, walijenga nyumba, walipanda mashamba, walifasiri maneno ya mapadre kwa wenyeji, na waliwafundisha wengine sala na kusoma. Baada yake zikafuata Mandera na Morogoro katika miaka ya 1880, na huko nako watu wa Bagamoyo walitangulia. Misioni za bara, kutoka pwani hadi Kilimanjaro, zilisimama kwa sehemu kubwa juu ya mabega ya watu ambao katika daftari la shule wangeandikwa kuwa hawakuchaguliwa.

Padre Horner aliwahi kuyaona mapambazuko tu ya hayo. Afya yake ilikuwa imekwisha vunjika kwa homa na uchovu wa miaka kumi na sita. Mwaka wa 1879 aliondoka Unguja kwenda Ufaransa kutafuta matibabu, na mwaka wa 1880 alifariki huko, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Hakuzikwa kati ya wenzake katika makaburi ya Bagamoyo. Rafiki yake Padre Baur, aliyeshuka naye melini mwaka wa 1863, aliendelea na kazi, na katika vita vya mwaka wa 1888 na wa 1889, Abushiri alipopigana na Wajerumani, misioni ile iliwapa hifadhi maelfu ya watu wa Bagamoyo na vijiji vya jirani waliokimbia mapigano. Majirani ambao hawakuleta watoto shuleni walikuja sasa wenyewe, pamoja na watoto wao, kwa kuwa waliamini kwamba hapo watapata usalama. Imani ya jirani huja polepole, wala haiji kwa kusifiwa na wageni.

Na lile tumaini la mapadre? Lilikuja, lakini si kwa njia aliyoifikiri, wala katika miaka aliyoihesabu. Mapadre wa kwanza wazalendo wa Tanganyika walipewa daraja mwaka wa 1917, huko magharibi ya nchi, katika maeneo ya Mapadre Weupe, miaka thelathini na saba baada ya kifo chake. Mwaka wa 1960, yapata miaka themanini tangu Padre Horner afariki, Laurean Rugambwa alifanywa kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupewa cheo hicho. Vijana hao walitoka katika jamaa zao, wakiwa na baba na mama, wakasindikizwa seminari na ukoo mzima. Mbegu ilihitaji udongo wa nyumbani.

Sasa turudi Kerege na vijiji vyote vilivyo kama Kerege. Habari za Padre Horner zatufundisha nini?

Kwanza, zatufundisha kwamba mtoto hasomi akiwa na njaa. Padre Horner, pamoja na makosa yake yote, hakumfundisha mtoto kabla ya kumlisha. Serikali yetu ilifuta ada na michango ya lazima katika shule za msingi na sekondari za chini kuanzia mwaka wa 2016, na watoto wengi mno wakaingia madarasani. Hilo ni jambo jema. Lakini kufutwa kwa ada hakupiki uji. Uji wa shule hupikwa kwa mahindi, na mahindi yako katika maghala yetu. Mzazi anayekataa debe moja la mahindi kwa ajili ya wanafunzi, kisha akakaa chini ya mwembe kumlaumu mwalimu kwa matokeo mabaya, hajitendei haki wala hamtendei haki mtoto wake.

Pili, zatufundisha kwamba mwalimu asiyedumu hawezi kuzaa matunda. Siku zile homa ndiyo iliyowaondoa walimu. Siku hizi mara nyingi ni kukosa nyumba, maji na heshima. Kijiji kinachompokea mwalimu kama mgeni apitaye njia kisishangae akipita njia. Kijiji kinachomsaidia kupata nyumba, kinachomkaribisha msibani na arusini, na kinachomwamkia kwa heshima, humfanya kuwa mzee mmoja miongoni mwa wazee wake. Hilo halihitaji fedha za wafadhili.

Tatu, zatufundisha kumsikiliza mtoto na mzazi. Shule iliyo bora kwa majengo, lakini ambamo wazazi hawaingii ila siku ya kuitwa kwa sababu ya kosa, ni kisiwa kama kilivyokuwa kile cha Bagamoyo. Kamati ya shule si ya kutia sahihi tu. Waulize walimu nini kinafundishwa, waulize watoto nini kinawashinda, na baba asiogope kuuliza kwa kuwa yeye mwenyewe hakusoma.

La mwisho ndilo tunalolitaka likae mioyoni. Mtihani huchagua wachache, na hapana budi, kwa kuwa nafasi za mbele zina mpaka. Lakini mtihani hauna mamlaka ya kutuambia mtoto yupi ana thamani. Padre Horner aliwatazama wale wachache wa Kilatini, na kumbe nguvu ya kazi yake ilikuwa imekaa kwa wale wengi waliorudi shambani na karakanani wakiwa na kisomo kidogo, ufundi wa mikono na moyo wa kuwasaidia wengine. Kama wangetupwa siku ile walipoachwa, Mhonda isingalijengwa.

Basi, wazazi, matokeo yatakapotangazwa mwaka huu, na jina la mtoto wako lisionekane, usimwite mjinga mbele ya wenzake, wala usimwache azurure barabarani akitafuta vibarua. Nenda ukamwone mwalimu, ujue mtoto ameshindwa katika somo lipi. Mtafutie fundi wa kumfundisha, au chuo cha ufundi, au nafasi ya kurudia pale inapowezekana. Akiwa bado anasoma, hakikisha daftari lake linafunguliwa usiku, hata kama wewe huwezi kulisoma. Watoto wa Padre Horner hawakuwa na baba wa kuwafanyia hayo. Watoto wetu wanaye.